Namba ya Mwenye Gari

Mume wangu Ikiring hakujua kuendesha gari wala hakutaka kujifunza, lakini gari ndilo lililomtesa kuliko ng'ombe wote aliowahi kuchunga. Watu wa upande wa Rubongi wakimtaja, humtaja pamoja na gari hilo, na wengine hucheka. Mimi sicheki. Nilikuwepo siku lilipokuja, nilikuwepo siku lilipobadilishwa namba, na nikikumbuka hata leo napandwa na hasira nisiyojua nimpelekee nani.

Naitwa Nasirumbi, Msamia wa Buhehe, upande wa Busia. Niliolewa na Mteso wa karibu na Tororo, na mama yangu akalia kwamba nimekwenda mbali, ingawa kwa baiskeli ni mwendo wa asubuhi tu. Kiteso changu kilikuwa kibovu na Kisamia chake hakikuwepo kabisa, kwa hiyo ndoa yetu tuliiendesha kwa Kiswahili cha sokoni Busia. Kwetu watu huzungumza habari za samaki na biashara. Kwa mume wangu mazungumzo yote yalianzia zizini na kurudi kulala zizini. Hilo nililizoea upesi. Nilichokawia kuelewa ni kwa nini katika zizi lake hakukuwa na ng'ombe wa mtu mwingine hata mmoja.

Wafugaji wa pale wana desturi ya kuwekeana ng'ombe. Mwenye ng'ombe wengi na majani machache humpelekea rafiki yake mmoja au wawili akae nao. Rafiki hukamua, watoto wake wakanywa maziwa wakanenepa, lakini ng'ombe hubaki wa mwenyewe, na ndama wake pia ni wa mwenyewe. Kinachoshuhudia haya yote ni mkato wa sikio, kwa maana kila nyumba ina mkato wake. Siku ya kukabidhi, mwenye ng'ombe hulishika sikio la mnyama mbele yako ukaona alama, na tangu hapo alama hiyo iko mikononi mwako.

Baba mkwe wangu, Ekwaro, aliwekewa ng'ombe na rafiki yake zamani sana. Ng'ombe akazaa, na Ekwaro akamkata ndama sikio kwa mkato wa nyumbani kwake. Wengine husema alikuwa amelewa, wengine hulaumu njaa ya mwaka ule. Mambo yalipojulikana alimrudisha ndama na kuongeza mwingine juu yake, akaomba radhi mbele ya watu, lakini tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeiwekea nyumba ile hata kuku. Ekwaro alikufa hivyo, na mwanawe akairithi nyumba pamoja na jina lake.

Ikiring aliubeba mzigo huo kwa namna iliyonichosha. Nikiazima ungo kwa jirani, jioni aliniuliza kama nimeurudisha. Mtu akisahau kamba yake kwetu, mume wangu alitembea nayo mpaka amfikie, hata kama mwenyewe alikwisha kununua nyingine. Watu walimwambia asante, wakampa kiti na maji, wakamsifu kwamba ni mtu mwema. Ng'ombe wao wakawapelekea wengine.

Mwaka wa sitini, Kongo walipopata uhuru na mambo yakaharibika kule, Wazungu wao walipita kwetu wakikimbilia Kenya. Tulisimama kando ya barabara kuwatazama, kwa sababu hatukuwa tumezoea kumwona Mzungu mwenye haraka ya namna ile na ndevu hajanyoa. Gari moja likafia karibu na kwetu, Peugeot kubwa ya kijivu iliyojaa matope hadi madirishani. Ndani mlikuwa na Bwana mmoja mwembamba, mke wake, na kasuku ndani ya kizimba. Bwana alifungua boneti akatazama, akaifunga, akaifungua tena. Mke alikaa tu amepakata kasuku, akilia bila sauti.

Ikiring alileta maksai wake wawili, akawafunga nira, wakalivuta gari mpaka uani kwetu. Lori la misheni lililokuwa likielekea stesheni ya Tororo likakubali kuwachukua wale watu kabla treni haijaondoka. Hapo ndipo Bwana yule alipomkabidhi mume wangu ufunguo, akasema kwa Kiswahili cha kwao Kongo: “Uniwekee hii. Nitarudia mi mwenyewe.”

Kisha akafanya jambo ambalo tumelibishania maisha yetu yote. Alikwenda mbele ya gari, akainama, akapitisha kiganja juu ya kibao cha namba kilichokuwa katikati ya bampa. Akakipapasa, namba zikaonekana, akamtazama Ikiring, halafu akapanda lori. Mimi niliona mtu anafuta matope, kama wewe unavyoweza kufuta vumbi kwenye meza huku mawazo yako yako kwingine. Ikiring aliona mwenye ng'ombe ameshika sikio.

Nilimwambia jioni ile kwamba Mzungu wa Kongo hajui habari za masikio ya ng'ombe wa Wateso. Akanijibu kwamba mwenye mali popote duniani anajua alama ya mali yake. Nikamwambia gari si ng'ombe. Akasema analijua hilo, yeye si mjinga, lakini neno la kuweka ni lilelile. Nilikasirika nikaenda kupika, maana niliona furaha usoni mwake na nikaogopa. Mtu asiyemjua Ekwaro, asiyejua habari za ndama wala aibu, alikuwa amemtazama mume wangu machoni akamwachia mali.

Basi tukaanza kufuga gari. Alilijengea kibanda cha nyasi, kizuri kuliko jiko langu. Kuku walikatazwa kuingia. Kila Jumamosi alilifuta, na kibao kile alikifuta mwisho kwa kitambaa chake cha peke yake, polepole, ili rangi isizidi kuchubuka. Kibao cha nyuma kilikuwa kimedondoka mahali fulani kati ya Kongo na kwetu, kwa hiyo hicho cha mbele ndicho kilichobaki peke yake. Majirani walitutania sana. Waliokutana nami kisimani waliuliza kama gari letu limeshapandwa, na kama likizaa tutawapa maziwa. Niliwacheka nami, kisha nikifika nyumbani namfokea mume wangu, naye ananisikiliza mpaka nimalize.

Lakini jirani mmoja hakutania. Huyo alikuwa Osire, Mjopadhola, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Alikuwa akipita kwetu akienda kunywesha mifugo yake, na kila akipita alitupa jicho kibandani. Mwaka wa pili, mvua za kwanza ziliponyesha, alikuja na mtamba mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji. Akalishika sikio la kushoto la yule mtamba mbele ya mume wangu, mkato ukaonekana, kisha akamwachia kamba. Alisema tu kwamba kwake majani yamekwisha. Majani yake wakati huo yalifika magotini.

Ikiring aliingia ndani akashindwa kukaa. Alisimama, akashika mlango, akauachia. “Mama Akiteng,” akaniambia, kwa jina la mtoto wetu, “mimi pia nimewekewa.” Nililia siku ile, na sioni haya kusema. Yule mtamba alipozaa mwaka uliofuata, Ikiring hakumgusa ndama sikio hata kumtoa kupe. Kupe wa masikioni walitolewa na Osire mwenyewe alipokuja, na mimi nikawa namwonea huruma ndama.

Sasa nifike kwa ndugu yangu, maana bila yeye kibao kile kingekaa kibandani hadi leo. Oundo ni kaka yangu, mtu wa Busia, aliyejifunza udereva kwenye malori ya jeshi wakati wa vita. Alikuwa hawezi kuona gari limesimama bila kupata homa. Alimjia shemeji yake kwa lugha ya zizini, mjanja yule. “Shemeji,” alisema, “ng'ombe wa kuwekewa asipokamuliwa, kiwele kinaharibika. Mwenyewe akija akute kiwele kimekufa, utamwambia nini? Hii gari ni vilevile. Ikikaa tu, inakufa.”

Ikiring aliwaza majuma kadhaa, kisha akakubali, kwa masharti yake. Gari litembee, lakini lisichukue abiria wa kulipa, kwa kuwa maziwa ya ng'ombe wa kuwekewa hunywewa nyumbani, hayapelekwi sokoni. Libebe wagonjwa, libebe watu wa matanga, na limpeleke Nasirumbi kwa mama yake. Sharti hilo la mwisho nililishangilia. Oundo akalala chini ya gari siku nyingi mpaka likanguruma. Mkuu wa gombolola, yaani tarafa yetu, akathibitisha jinsi lilivyokuja, na ofisini Tororo wakaliandikia namba ya Uganda. Oundo akarudi na vibao viwili vyeusi vyenye herufi nyeupe, kimoja cha nyuma na kimoja cha mbele.

Cha nyuma hakikuwa na shida, alikifunga palepale pa kile kilichopotea. Kisha akazunguka mbele na spana yake, akaishika bolti ya kibao cha Kongo. Ikiring alimdaka mkono. Sikuwahi kumwona akimshika shemeji yake kwa nguvu namna ile.

“Hapo iko na mwenyewe,” alisema. “Tafuta mahali ingine.”

Oundo akacheka, akadhani ni mzaha. Alipoona si mzaha alieleza kwa upole kwamba mbele ya gari pana mahali pamoja tu pa namba, na ni pale pale, fundi aliyelitengeneza hakupanga pa pili. Ikiring akasema mbele ya gari ni pana, hata ng'ombe watatu wanaweza kusimama hapo. Oundo akapendekeza kile cha Kongo kihamishiwe ndani, kwenye kiti cha nyuma, kisafiri salama. Ikiring akauliza kama sikio la ng'ombe linaweza kuhamishiwa tumboni. Kaka yangu akanitazama mimi. Nikatazama pembeni, kwa sababu nilikwisha kuyasema yangu yote miaka mitatu nyuma.

Kwa hiyo tukaanza kutafuta mahali. Mara ya kwanza Oundo alikifunga kibao kipya kwa waya juu ya wavu wa mbele, unaopitisha upepo kwenda kwenye rejeta. Kilipendeza kwa macho. Tulipotoka kwenda Busia, gari likachemka kabla hatujafika mbali, moshi ukatufunika, na tulikaa kando ya barabara tukisubiri lipoe huku abiria wa malori wakitupungia. Likapoa, likachemka tena. Sikumwona mama yangu siku ile.

Akakishusha chini ya bampa, kikaning'inia. Barabara ya Busia wakati huo ilikuwa na mashimo na madimbwi, na kibao kilizama katika kila dimbwi mpaka namba ikawa haisomeki. Mwishowe kikang'oka, tukarudi nyuma kwa miguu kukitafuta katika tope. Ikiring ndiye aliyekipata, akaja nacho amekiinua juu, amefurahi. Nilimwuliza anafurahia nini.

Kikapandishwa juu ya paa. Hapo gari likawa kama lori la soko lenye jina la tajiri, na upepo ulipokipiga kilipiga kelele hadi ng'ombe wa njiani wakakimbia. Kikawekwa nyuma ya kioo cha mbele, na Oundo akawa anaendesha akichungulia pembeni, akamkosakosa mwendesha baiskeli karibu na Masafu. Alishuka garini, akasema hatamuua mtu kwa ajili ya Mzungu aliyekwenda zake. Ikiring akakubali kwamba hilo si jema. Wakakaa wawili chini mbele ya gari, wamelitazama usoni.

Mwisho walikifunga kwenye bampa kando ya kile cha Kongo, kimoja katikati, kingine ubavuni. Mimi nilidhani tumepona. Kwa muda tulipona kweli, nikafika kwetu Buhehe kwa gari, mama yangu akaja kunipokea na vigelegele. Watu wakatembelea wagonjwa wao na kurudi. Kisha kwenye njia ya kutokea Tororo tukasimamishwa na askari aitwaye Oguttu, koplo, kijana mtaratibu aliyekuwa na desturi ya kulizunguka gari lote kabla ya kusema neno.

Alilizunguka, akafika mbele, akasimama. “Mzee,” akamwuliza mume wangu, “hii gari iko na baba wawili?”

“Baba yake iko moja tu, afande,” Ikiring akajibu. “Sisi tunafuga.”

Oguttu alicheka mpaka akavua kofia. Alimwachia siku ile, na siku nyingine pia, maana alikuwa Msamia na mimi nilimwamkia kwa lugha ya nyumbani. Lakini alituambia kwamba namba mbili mbele ya gari moja ni kosa, na kwamba si kila mara atakuwa yeye. Ikiring alimweleza habari ya kuweka, habari ya kiganja, yote. Oguttu alisikiliza kwa heshima. Alikuwa mtoto wa wavuvi, ng'ombe hawakumwambia kitu.

Mwaka wa sitini na nne mambo ya Kongo yakawaka upya, redio ikawa inataja waasi kila siku, na kwetu chochote chenye harufu ya Kongo kikaanza kutazamwa vibaya. Oguttu alikuja nyumbani mchana, kwa baiskeli, bila kucheka. Alikataa kiti. Alisema amri imetoka kwa wakubwa wake, kibao kile cha Kongo hakitakiwi barabarani. Ikiring akasema vizuri, basi gari litarudi kibandani, halitatembea tena. Oguttu akatikisa kichwa. Gari lilikwisha kupewa namba ya Uganda, alisema, na likiwa na namba ya nchi nyingine, hata likilala kibandani litavutwa hadi kituoni, na akatuambia tunayajua magari yaliyosimama kituoni, miti imeota ndani yake. Ikiring akauliza je, kibao kipya kikitolewa, lirudi kuwa la Kongo tu kama zamani. Oguttu akasema hapo ndipo watakapolichukua upesi zaidi.

“Mimi natumwa tu, mzee,” alisema, na nilimwamini. “Kesho nitapita. Nikute namba iko moja, na iko mahali yake.”

Alipokwisha kwenda, Ikiring alibaki amesimama pale pale. Nilimwona anageuza mambo kichwani, upande huu, upande ule, na kila upande umefungwa. Akiitoa alama ya mwenye mali, ni mwana wa Ekwaro. Akiiacha, mali yenyewe inachukuliwa kutoka mikononi mwake, na mwenye kuwekewa aliyepoteza mali ana jina gani? Nilimwonea huruma. Nikatamani kumpiga yule Mzungu kwa mkono ule ule aliofutia matope.

Alikuja akakaa karibu nami jikoni, jambo ambalo wanaume wa kwao hawalifanyi. Akauliza, “Mama Akiteng, mwenyewe akirudi, atajuaje gari yake?”

Nikamwambia, “Atakujua wewe.”

“Mimi hanijui,” akasema. “Alionyesha namba. Jina yangu hakuuliza.”

Nikamwekea chakula, na hakula.

Asubuhi Oundo alifika na spana. Ikiring aliichukua mkononi mwake, akapiga magoti mbele ya gari, akajaribu kuifungua bolti mwenyewe. Ilikuwa imeshika kutu. Alijaribu tena, mkono ukateleza, ngozi ya vidole ikachunika kwenye bampa. Oundo akamwomba ampishe. Akampisha. Bolti za Kongo zilikatika zote, kibao kikaja, na nyuma yake bampa ilikuwa safi inang'aa, mraba mzuri usiojua jua wala mvua. Kile cheusi kilikaa juu ya mraba ule sawasawa kabisa. Ndicho kilichoniudhi zaidi, kwamba kilikaa sawasawa.

Kibao cha Kongo, Ikiring alikipigilia misumari kwenye nguzo ya lango la zizi, kinatazama barabarani. Alisema mtu akipita akitafuta, atakiona. Nikasema ni wazo jema, na kwa kweli sikuona jingine. Mchana Oguttu alipita, akaangalia gari, akaangalia nguzo, akapiga saluti kwa utani, akasema sasa namba iko mahali pake. Siku nzima watu walipita. Hawakuuliza tena kama gari letu limezaa. Walisalimia, wakatazama mbele ya gari, wakaendelea na safari.

Yule Bwana wa kasuku hajarudi hadi leo. Sisemi hivyo ili kumlaumu, huenda alikufa, huenda ana gari lingine na amesahau kwamba aliwahi kuwa na hili.

Aliyekuja ni Osire. Alikuja siku chache baadaye, asubuhi, na kamba mkononi. Alikaa, akanywa uji wangu wote, akauliza habari za Akiteng na za mama yangu Buhehe. Kisha akasema bila kumtazama mume wangu: “Baba Akiteng, nimekuja kuchukua ile ng'ombe yangu na mtoto yake. Huko kwa shemeji yangu majani imeota mingi.”

Ulikuwa wakati wa kiangazi. Hakukuwa na majani kwa shemeji wa mtu yeyote. Nilifungua mdomo nimweleze, nimwambie habari ya askari, ya kituo, ya magari yaliyoota miti, na ya vidole vya mume wangu ambavyo bado vilikuwa na vidonda. Ikiring akaniinulia mkono nikanyamaza. Najua kwa nini. Osire aliyajua yote hayo, kila mtu aliyajua. Baba yake mume wangu naye alikuwa na njaa yake, na watu waliijua, wala haikumsaidia.

Walitoka pamoja hadi zizini, wakapita langoni chini ya kile kibao. Ikiring mwenyewe ndiye aliyemtoa ng'ombe, akamfunga kamba shingoni kwa uangalifu, akamwita ndama akaja. Akampa Osire ncha ya kamba, lakini hakuiachia.

“Angalia kwanza masikio,” alisema.

Nilimjua mume wangu. Aliisema kama mtu anavyomwambia mgeni aangalie kama hajasahau kitu, akingoja mgeni aseme hapana, hakuna haja, kati yetu hakuna mambo hayo. Alikuwa hata ameanza kutabasamu. Osire alisimama kidogo. Kisha akainama, akalishika sikio la kushoto la yule ng'ombe mweusi, akaligeuza kwenye mwanga, akautazama mkato wake. Akazunguka upande wa pili akatazama na la kulia. Halafu akamshika ndama, akaweka goti chini, na kuyapapasa masikio yake yote mawili kwa vidole, taratibu, kuanzia shinani hadi nchani.

Yalikuwa mazima, kama alivyozaliwa. Osire akajifuta goti, akaipokea kamba, akatuaga vizuri.